Shahada ya uuguzi: mambo ya kujua kabla ya kumpeleka mwanao Nakuru



Ijumaa iliyopita, nikivaa viatu nje ya msikiti, nilishikwa mkono na mzee wa mtaani. "Bwana mwandishi, binti yangu amepata C+ na anataka unasi. Nimpeleke chuo kikuu au KMTC? Na nikilipa pesa, nitajuaje kama sijaliwa?" Huyo si wa kwanza. Kila matokeo ya KCSE yakitoka swali hili hunifuata, kwa sababu watu wanajua nyumbani kwetu tuko na mwanafunzi wa uuguzi, na wanajua pia tulilipa ada ya ujinga kabla ya kufika hapo. Leo naliandika jibu mahali pamoja, anayelihitaji alihifadhi.

Kisa chetu ni hiki. Dada yangu ana mabinti wawili. Mkubwa alipomaliza shule tulimwandikisha chuo kimoja cha mjini, jina nalihifadhi. Jengo lilikuwa zuri, sare nyeupe, mapokezi ya heshima. Tulichanga karo ndugu watano. Karibu miaka miwili baadaye wenzake wa vyuo vingine walikuwa wakizungumzia nambari zao za Baraza, naye hana. Tulipofuatilia tukaambiwa chuo hakikuwa na idhini ya kufundisha uuguzi. Hakuna wodi ambayo ingempokea na hakuna mtihani ambao angeukalia. Pesa hazikurudi. Leo anauza nguo za watoto, alhamdulillahi anaishi, lakini akipita karibu na hospitali hunyamaza.

Kwa hivyo mdogo wake alipopata B na kusema "Mjomba, nami nataka unasi," nilianza kuuliza maswali kabla ya kuingiza mkono mfukoni.

Diploma na shahada: tofauti iko wapi?

Hapa Kenya muuguzi anaweza kuingia kazini kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni diploma ya miaka mitatu au zaidi kidogo, ambayo wengi huisomea KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu kilichoanza mwaka 1927. Sisi wa Pwani tunacho mlangoni: kuna kampasi Mombasa, Port Reitz, Kilifi, Msambweni, Kwale, Voi na Lamu. Ya pili ni shahada ya chuo kikuu, miaka minne ya masomo, kisha mwaka mmoja wa kufanya kazi chini ya uangalizi hospitalini, ule unaoitwa intanshipu.

Wodini wote wawili wanapima presha, wanachoma sindano, wanazalisha na wanakesha. Mgonjwa hajui nani ana karatasi gani. Tofauti huonekana kwenye masomo ya ziada ya utafiti, uongozi na ualimu, na kwenye ngazi ya kuajiriwa. Serikalini mwenye diploma huanzia kundi la kazi H, mwenye shahada akaanzia K. Anayetaka baadaye kusomea uzamili, kufundisha wauguzi au kusimamia huduma za hospitali nzima, shahada humfupishia safari.

Shahada hii ni changa kwetu. Chuo Kikuu cha Baraton, huko Nandi, ndicho kilichotangulia mwishoni mwa miaka ya 1980, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo wauguzi wetu wakubwa, wale tuliowaita "sista" tukiwa wadogo, walitoka kwenye vyuo vya hospitali. Hakuna aliyewadharau.

Alama zinazotakiwa

Kwa shahada, wastani wa KCSE uwe C+ au zaidi, na C+ katika masomo haya: Kiingereza au Kiswahili, Biolojia, Kemia, na Hisabati au Fizikia. Kwa diploma, wastani ni C, na C katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili, pamoja na C- katika mojawapo ya Hisabati, Fizikia au Kemia.

Lisome tena lile neno "au". Kiswahili kinakubaliwa. Nimekutana na wazazi waliomkatia tamaa mtoto kwa sababu Kiingereza kilimshinda, kumbe ana B ya Kiswahili na sayansi zake ziko sawa.

Lakini tusidanganyane. C+ ni kizingiti cha chini. Nafasi za vyuo vikuu vya umma hupangwa na KUCCPS kwa kushindanisha pointi, na uuguzi unapendwa sana, kwa hivyo mwenye C+ kavu anaweza kutimiza masharti yote na bado asipate nafasi. Ndiyo maana mtoto asijaze chaguo moja tu. Na akishaingia darasani, mihadhara, vitabu na ripoti za mgonjwa ni Kiingereza kitupu. Kiswahili kitamfungulia lango, kisha Kiingereza lazima akikazanie.

Swali la kwanza: Baraza linakijua chuo hicho?

Hapa ndipo tulipoangukia. Uuguzi Kenya unasimamiwa kwa sheria, Sura ya 257, na msimamizi ni Baraza la Wauguzi la Kenya. Chuo kinaweza kuwa na cheti cha biashara, jengo la ghorofa na hata kibali cha kufundisha masomo mengine. Kama Baraza halijaidhinisha mafunzo yake ya uuguzi, anayehitimu hapo hatakuwa muuguzi.

Kabla ya kulipa shilingi moja, fanya haya:

1. Tazama orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa kwenye tovuti ya Baraza, au wapigie simu mwenyewe. Usitosheke na karatasi iliyobandikwa ukutani chuoni.
2. Uliza kozi yenyewe. Chuo kikuu kinaweza kuwa halali na kozi yake ya uuguzi iwe haijakubaliwa bado.
3. Uliza wanafunzi wataingia wodi za hospitali gani. Chuo kisichoweza kukutajia hospitali ni chuo cha kukimbia.
4. Mtoto akishaingia, fuatilia aandikishwe na Baraza na apewe nambari yake, ile wanafunzi wanayoiita indeksi. Usingoje mwaka wa pili.

Mwisho wa masomo kuna mtihani wa Baraza, mbali na mitihani ya chuo. Asiyeufaulu hapati leseni, hata awe amevaa joho na kupigwa picha na ukoo mzima. Leseni yenyewe nayo huhuishwa, na ili ihuishwe muuguzi lazima aonyeshe kwamba anaendelea kujisomea.

Pesa

Mwaka 2023 serikali ilileta mfumo mpya wa kugharamia vyuo vikuu vya umma. Familia ziligawanywa makundi matano kulingana na uwezo. Kwa kundi la chini kabisa, ufadhili wa serikali ni asilimia 70 ya gharama, mkopo asilimia 25, na familia hulipa asilimia 5. Kundi la juu ni ufadhili 30, mkopo 30, na familia 40. Mfumo huu umepigwa vita mahakamani: Disemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo. Basi usitegemee habari ya mwaka jana. Uliza wakati wa kuomba, na ukiwekwa kundi usilolistahili, kata rufaa mapema.

Mkopo wa HELB kwa wanafunzi wa shahada hutozwa asilimia 4 kwa mwaka. Najua wengi wetu husita hapo kwa sababu ya riba. Mimi si shekhe, hilo waulizeni wanavyuoni. Ninachosema ni kwamba familia iliamue jambo hili mapema, isije ikagundua katikati ya muhula kwamba mkopo haukuombwa na pesa nyingine haipo.

Juu ya karo kuna gharama zisizoandikwa kwenye barua: sare, viatu vya wodini, kipimo cha presha, chanjo ya homa ya ini aina ya B, nauli za kwenda hospitali, na kodi ya chumba. Sisi tulikaa kikao, kila ndugu akabeba kitu chake. Nyumba yangu ilibeba nauli.

Mbona Nakuru?

Swali hili mama yangu aliliuliza kwa sauti. Kilifi si kuna Chuo Kikuu cha Pwani, na uuguzi unafundishwa? Ni kweli, na binti yetu alikiweka chaguo la kwanza. Pointi zikampeleka chuo kikuu kimoja cha Nakuru. Mji huo ni wa wasomi. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo kule Njoro, kina kitivo chake cha sayansi za afya mjini Nakuru. Hospitali ya kaunti pale ni miongoni mwa kubwa zaidi katika Bonde la Ufa, na kwa mwanafunzi wa uuguzi hospitali kubwa ni darasa.

Lakini kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 600. Mama alisema, "Mtoto wa kike, peke yake, kwenye baridi, hana jamaa?" Dada yangu akalia. Mimi nilikumbuka yule mkubwa na nguo zake za watoto, nikasema nitamsindikiza mwenyewe. Nilimsindikiza. Siku ya kwanza tulitafuta msikiti na nyumba ya kina mama wanaoishi karibu nao, na kwa neema ya Mungu tuliwapata wote wawili kabla ya adhuhuri. Mzazi mwenye binti anayekwenda bara, lifanye hili kabla ya kununua godoro.

Miaka minne inavyokwenda

Mwanzo ni vitabu: mwili wa binadamu na unavyofanya kazi, kemia ya mwili, vijidudu, dawa. Wengi huyumba hapa, hasa waliozoea kukariri. Kisha wodi zinaanza kuingia: wagonjwa wa kulazwa, chumba cha upasuaji, watoto, uzazi na ukunga, afya ya akili, na afya ya jamii. Kila kazi mwanafunzi anayoifanya huandikwa kwenye daftari maalumu na kutiwa saini na msimamizi. Saini hazikutimia, mtihani hakuna. Kuna zamu za usiku, na Ramadhani haisimamishi zamu.

Kuhusu stara, mpwa wangu anavaa hijabu fupi iliyochomekwa ndani ya sare, na mikono huiacha wazi hadi viwiko anapomhudumia mgonjwa, kwa sababu ya usafi. Anahudumia wanaume na wanawake. Waliomlaumu nyumbani niliwakumbusha Bi Rufaida al-Aslamiyya, aliyewauguza majeruhi Madina zama za Mtume, rehema na amani zimshukie. Hema lake liliwekwa msikitini, na Saad bin Muadh alipelekwa humo alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq. Kazi hii kwetu ina asili.

Kuresoi

Mwaka wake wa tatu alipelekwa Kuresoi kwa mafunzo ya afya ya jamii. Jina hilo lilipofika Mombasa, mama akanipigia simu: "Huko si ndiko walikokuwa wakiuana?"

Hakukosea. Kuresoi iko upande wa magharibi wa kaunti ya Nakuru, ukivuka Molo kuelekea msitu wa Mau, na tangu uchaguzi wa 2013 imekuwa majimbo mawili, Kaskazini na Kusini. Ilichomwa katika ghasia za mwaka 1992, na tena katika zile za uchaguzi wa 2007. Wakipsigis, Wakikuyu, Wakisii na Waogiek wanaishi humo, na wenye umri wangu wanakumbuka ni nani alikimbia kutoka wapi.

Nilikwenda kumwona. Kutoka Molo barabara inapanda kwenye mashamba ya viazi na majani ya chai, na baridi yake sijawahi kuionja tangu kuzaliwa. Nilimkuta kwenye zahanati ndogo, sweta mbili juu ya sare, akipima watoto uzani kwenye mizani ya kuning'inia. Foleni ilifika nje ya uzio. Akina mama wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri na matope hadi magotini.

Nilikaa kwenye benchi saa mbili nikimtazama. Alikuja bibi mmoja wa Kikipsigis na mjukuu mwenye kikohozi, na nyuma yake mama wa Kikikuyu mwenye mimba kubwa. Mpwa wangu hajui lugha hata moja kati ya hizo. Alizungumza nao Kiswahili, cha kwetu, taratibu, nao wakamjibu kwa Kiswahili chao. Bibi alitaka kuambiwa dawa mara ya pili. Akaambiwa, kisha mpwa wangu akamwomba airudie mwenyewe, na bibi akairudia sawasawa. Yule mama wa mimba presha yake ilikuwa juu. Aliitiwa muuguzi mkubwa na kupelekwa hospitali siku ile ile.

Jioni nilimuuliza kama anaogopa. Akasema, "Mjomba, siku ya kwanza waliniuliza mimi kabila gani. Nikasema Mswahili wa Mombasa. Wakacheka, wakasema basi huna upande." Nililala nyumba ya wageni na mablanketi manne, nikampigia mama kumwambia mjukuu wake yuko salama.

Baada ya joho

Sasa upande mchungu, maana makala ya sifa tupu haimsaidii mtu. Kupata shahada hakumaanishi kupata ajira kesho. Wahitimu wamewahi kungoja muda mrefu kupangiwa hospitali za intanshipu, na wameandamana kwa ajili hiyo. Kuajiri wauguzi wengi kuko mikononi mwa kaunti, na kaunti haziajiri kila mwaka. Tusisahau pia mgomo wa wauguzi wa 2017, uliodumu takriban miezi mitano.

Wengi hutazama nje. Sisi wa Pwani Ghuba tunaijua, na tangu Julai 2021 kuna makubaliano ya kupeleka wauguzi Uingereza. Lakini mwaka huo huo waziri wa afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Ndiyo maana nilisema Kiingereza kikazaniwe mapema.

Anayebaki nyumbani pia anaweza kufika mbali. Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, alishinda tuzo ya Aster kule Dubai mwaka 2022, dola 250,000, kwa kazi aliyoifanya katika jamii yake mwenyewe.

Na aliyepata C?

Nina diploma ya uandishi, na miaka yote hii imenilisha. Sioni aibu. Mwenye C aende KMTC, asome, apate leseni, afanye kazi. Baadaye vyuo vikuu kadhaa humpokea mwenye diploma na leseni asomee shahada kwa muda mfupi kuliko anayetoka shule. Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, kimekuwa na masomo ya namna hiyo kwa wauguzi walio kazini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Anayepitia njia hiyo hufika akiwa ameshajua wodi, na karo ya shahada huilipa kwa mshahara wake mwenyewe.

Kwa hivyo mzee wangu wa msikitini, jibu langu ni hili. Mtoto akipangiwa shahada na uwezo upo, aende, hata kama ni Nakuru. Asipopangiwa, diploma ya chuo kilichoidhinishwa ni bora kuliko shahada ya mahali pasipojulikana na Baraza. Jina la karatasi liwe la pili, la kwanza liwe leseni.

Mpwa wangu amebakisha mwaka mmoja. Juzi alikuja likizo, na dada yake mkubwa akamwomba amwonyeshe namna ya kupima presha. Walikaa sebuleni, akamfunga mkono mama yetu, akasikiliza, akasoma nambari, akaipata sawa. Kisha akauliza polepole, "KMTC wanachukua mtu wa umri wangu?"

Nilipiga simu asubuhi iliyofuata. Tumeshaanza kukusanya vyeti vyake.